Shukrani Iliyokosea Mlango

Leo, tarehe thelathini mwezi wa sita, saa kumi kamili jioni, afisa vijana wetu mwandamizi anakabidhi funguo tano na filimbi moja na kustaafu rasmi, baada ya kukitumikia kituo hiki cha vijana kwa miaka thelathini na minne, miezi mitano na siku kumi na moja. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe. Idara ya utumishi inasema ni siku kumi na mbili, na barua za pande zote mbili zimo kwenye faili kwa yeyote atakayetaka kuamua.

Mliopita hapa mkiwa vijana mnamfahamu kwa jina la Bwana Nani-Kasema. Sioni sababu ya kulificha jina hilo kwenye karatasi ya sherehe, maana hata mkewe humwita hivyo akikasirika. Alipewa na kundi la kwanza la useremala. Ukimwambia fulani ni mvivu, anauliza nani kasema. Ukimwambia semina imefana, anauliza nani kasema. Mwaka mmoja mgeni wa heshima alitangaza jukwaani kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi, na mwenzetu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa ameshika kipaza sauti cha pili, akauliza palepale mbele ya ukumbi mzima. Mgeni yule hajaonekana tena maeneo haya.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, na kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wake msumbufu kuliko wote, kama anavyopenda kuwaambia wageni nikiwa nimesimama karibu. Alinipa sharti moja tu. Nisijaze karatasi kwa mambo aliyoyafanya yeye, niseme alifundishwa na nani. Nitalitimiza sharti hilo, lakini si kabla ya kusema mawili matatu, nisije nikaonekana mchoyo.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na mitano, cheti kipya, viatu vinavyong'aa na imani kubwa kwamba vijana walikuwa wakimsubiri yeye. Kituo kilikuwa ukumbi mmoja, ofisi mbili na kiwanja chenye goli moja. Magoli yalikuwa mawili hadi wiki aliyojifunza kurudisha gari la kituo kinyumenyume. Karakana ya useremala, darasa la ushonaji, darasa la umeme, na baraza la vijana linalochagua viongozi wake bila sisi wakubwa kutia mkono, vyote vilianza naye. Na ile orodha ya majina. Ripoti zake hazikuwahi kusema kwamba vijana kadhaa walihudumiwa. Mwaka mmoja waliohudumiwa walikuwa mia nne na kumi na wawili, akawataja mmoja mmoja, kurasa kumi na tisa. Makao makuu wakairudisha wakitaka muhtasari. Aliituma tena vilevile, akiambatanisha barua ya mistari miwili ya kuuliza ni yupi kati yao aondolewe.

Sasa sharti lake. Tunayo hapa kawaida ambayo wageni huishangaa. Kabla hujamfundisha kijana chochote, iwe kushika randa au kuzungumza na mzazi aliyefura kwa hasira, lazima useme wewe ulifundishwa na nani. Kawaida hiyo aliianzisha yeye. Husema kwamba mwalimu asiyemtaja mwalimu wake anawadanganya vijana kwamba yeye alizaliwa anajua, na kijana akishaamini hivyo anakata tamaa mapema. Kwa hiyo kila mmoja wetu aliyepita mikononi mwake anawajua walimu wake kana kwamba ni ndugu zake. Tunamjua shangazi yake aliyemlea, aliyemkataza kumgombeza mtu mwenye njaa: mpe kwanza kitu ale, halafu mgombeze utakavyo. Tunamjua mlinzi wa geti wa zamani, aliyemfundisha kutazama viatu, kwa sababu kijana anayekuja kila siku na viatu vya mtu mwingine ana jambo nyumbani, na hatalisema mbele ya wenzake. Mimi mwenyewe nilikamatwa kwa viatu. Vilikuwa vya kaka yangu, na sitasema zaidi ya hapo.

Lakini aliyetajwa kuliko wote alikuwa Mkuu wa Kituo wa kwanza, sasa marehemu, na wino wake wa kijani.

Zama hizo ripoti iliandikwa kwa mkono, ikapelekwa kwa mpiga chapa, kisha nakala safi ikaenda kwa Mkuu kutiwa saini. Rasimu ya mkono ilirudi kwa aliyeiandika ndani ya bahasha yenye muhuri wa ofisi ya Mkuu. Rasimu ya kwanza ya mwenzetu ilirudi ikiwa na maneno ya kijani pembeni. Alikuwa ameandika kwamba semina ilifana sana. Pembeni palikuwa na maneno mawili: "Nani kasema?" Alikuwa ameandika kwamba vijana kumi na wanane walihudhuria. Pembeni: "Majina yao?" Alikuwa ameandika kwamba kijana mmoja ni mkaidi. Pembeni: "Mkaidi kwa nani? Ulimuuliza swali gani?"

Kijana wa viatu vinavyong'aa alinuna siku mbili. Ya tatu akaenda kumtafuta yule mkaidi na kumuuliza swali, na akagundua kwamba hasikii vizuri kwa sikio la kulia. Tangu siku hiyo alimkalisha upande wa kulia wa darasa, sikio zima likimwelekea mwalimu, na ukaidi ukaisha wenyewe.

Kisa kinachotuvunja mbavu hadi leo ni cha mkutano wa wazazi. Aliuitisha, akapanga viti themanini, na aliyekuja ni mtu mmoja, naye ni mlinzi wa geti aliyeingia kuuliza kama viti vinarudishwa stoo. Akaandika ripoti kali: wazazi wa mtaa huu hawana ushirikiano. Ikarudi na swali la kijani: "Uliwaita saa ngapi?" Alikuwa amewaita saa nne asubuhi, siku ya kazi. Akahamishia mkutano Jumapili alasiri na viti havikutosha. Hadi leo mikutano ya wazazi katika kituo hiki ni Jumapili alasiri, na kila afisa mpya anasimuliwa kwa nini.

Kwa miaka tisa mfululizo aliulizwa maswali hayo. Anasema cheti kilimpa kazi, lakini ufundi wa kumwona kijana aliyekaa mbele yake aliupata pembeni mwa karatasi. Mkuu alipostaafu, mwenzetu ndiye aliyetoa hotuba ya kumuaga, kurasa tatu za shukrani kwa wino wa kijani. Mkuu alipiga makofi, akasema vijana kama hawa waendelee hivyohivyo, akaketi. Hotuba hiyo, kama karatasi nyingine zote, ilikuwa imepitia kwa mpiga chapa siku moja kabla, na ilikuwa andiko lake la kwanza kurudi bila alama yoyote ya kijani. Alidhani Mkuu aliona haya kusahihisha sifa zake mwenyewe. Mwezi huohuo kompyuta zilifika, mpiga chapa akahamishiwa ofisi nyingine upande wa pili wa mji, na maswali ya kijani yakakoma. Yote yalilingana vizuri sana, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Mwezi wa tatu mwaka huu tulikuwa tukihamisha mafaili ya zamani kutoka stoo, yeye na mimi, vumbi limetujaa hadi kwenye nyusi. Akafungua faili la vifaa vya ofisi. Ndani mlikuwa na fomu za kuomba utepe wa taipureta, moja kila miezi mitatu, zimejazwa kwa wino wa kijani, kwa mwandiko uleule wenye herufi y iliyopinda mkia kama ndoano. Chini ya kila fomu, saini ya mpiga chapa. Juu yake, panapotakiwa idhini ya Mkuu, palikuwa na saini nyeusi, kubwa, ya mtu mwenye haraka.

Alikaa juu ya boksi. Alizipitia zile fomu moja baada ya nyingine, akarudia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona hana la kuuliza. Baadaye sana akasema, kwa sauti ya chini, kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza nani kasema ni Mkuu. Hakuna aliyesema. Wino ulikuwa wa kijani, bahasha ilikuwa na muhuri, na yeye akamalizia.

Wengine tungecheka tukaendelea kubeba mafaili. Yeye hakulala vizuri wiki nzima, kwa ushahidi wa mkewe. Alikuwa amewafundisha mamia ya vijana wataje walimu wao, na jina alilolitaja kuliko yote lilikuwa la mtu mwingine. Baadhi ya vijana hao sasa ni walimu na mafundi wanaofundisha wengine, nao wanamtaja Mkuu yuleyule kwa vijana wao. Akamwendea Mkuu wetu wa sasa na kumwambia wazi kwamba hataketi meza kuu wala kupokea zawadi ya kuagwa mpaka shukrani ile imfikie mwenyewe. Tarehe ya kustaafu haisogezwi. Alikuwa na miezi mitatu.

Aliyetusaidia kumpata yule mpiga chapa ni fundi cherehani mmoja, zao la darasa letu la ushonaji, ambaye humshonea magauni. Mama yule ana miaka sabini na saba na anaishi na mpwa wake mitaa miwili nyuma ya soko, umbali wa dakika ishirini kwa miguu kutoka hapa tulipo. Mwenzetu amepita mtaa huo maelfu ya mara. Tulikwenda pamoja Jumamosi asubuhi, yeye amevaa koti la harusi za watu. Sebule ilikuwa ndogo na safi, redio imefunikwa kitambaa, na juu ya meza kikombe kisicho na mkono kimejaa kalamu. Nilizitazama rangi kabla hata sijaketi.

Alikuwa ameandaa hotuba kwa siku tatu. Alipoanza, kigugumizi kikamshika, akaisoma hewani kama mtoto anayeghani mashairi ya shule. Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa. Kisha akamuuliza kama hayo ameyaandika. Hakuwa ameyaandika. Basi mama akamweleza kwa upole kwamba yeye maisha yake yote amefanya kazi na maandishi, yanayosemwa tu hayapokei, na akamwita kijana, mtu wa miaka sitini kasoro miezi michache. Chai tulipewa. Stakabadhi ya shukrani hatukupewa.

Ni siku hiyo tulipojua habari yote. Mama yule aliwahi kuomba kazi ya afisa vijana mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa hana cheti. Mara ya pili aliambiwa mikono yake ni myepesi mno kwenye mashine, ofisi haiwezi kuiachia iende. Akabaki kwenye mashine, ripoti za wenye vyeti zikipita mbele ya macho yake kila wiki, na akaona haiwezekani kupiga chapa neno "mkaidi" bila kuuliza. Kalamu ya kijani alipewa na Mkuu mwenyewe, aliyeichukia rangi hiyo. Mkuu hakuwa mtu mbaya wala mwizi wa shukrani. Ripoti hakuzisoma, ndiyo siri yake yote, na siku ile ya hotuba alidhani anasifiwa kwa desturi, kama wakubwa wote wanapoagwa.

Mwenzetu akauliza kwa nini hakusema. Mama alijibu kwamba maswali yalikuwa yakifanya kazi. Vijana walikuwa wakitajwa kwa majina yao, wazazi walikuwa wakiitwa saa za maana. Kama kijana wa viatu vinavyong'aa angejua kwamba maswali yametoka kwa mpiga chapa, je, angeyajibu? Ningependa kuandika kwamba mwenzetu alikataa katakata. Alikubali. Alisema kwa umri ule na kichwa kile asingeyajibu, angelalamika kwa Mkuu. Nimemheshimu mtu huyu kwa mambo mengi, lakini sijawahi kumheshimu kama asubuhi hiyo. Na hapo ndipo mama alipotabasamu mara ya kwanza, akamwongezea chai.

Mwenzetu alirudi nyumbani akaandika barua ya kurasa nne. Ikarudi baada ya siku tano, pembeni imejaa kijani. Kwenye ukurasa wa pili wote: "Huu unakuhusu wewe." Kwenye sentensi iliyosema kwamba aliubadilisha ulimwengu: "Nani kasema?" Niliingia ofisini nikamkuta ameishika barua hiyo kwa mikono miwili, anacheka huku machozi yanamtoka, mtu mzima na mvi zake. Miaka ishirini na mitano alikuwa hajaulizwa. Akaandika ya pili, kurasa mbili. Ikarudi na swali moja: "Vijana wenyewe umewaambia?"

Alikuwa hajawaambia. Akatoa orodha yake ya majina, akaanza kupiga simu na kuandika barua, kila jioni baada ya kazi, akiwatafuta wote wanaofundisha wengine. Aliwaambia kosa ni lake, akawapa jina la kweli. Fundi seremala mmoja alijibu kwamba karakana yake imebandika maneno "Majina yao?" ukutani kwa miaka kumi, na sasa amepaka herufi hizo rangi ya kijani. Yule fundi cherehani aliyetusaidia kumpata mama alikuwa na aibu kuliko wote. Amekuwa akimpima mama huyo mabega kila mwaka na kumsimulia habari za Mkuu na wino wake, na mama akimsikiliza tu, akimkumbusha asisahau mfuko wa pembeni.

Barua ya tatu ilikuwa ukurasa mmoja. Aliipeleka mwenyewe wiki mbili zilizopita, akaiacha kwa mpwa mlangoni. Hadi jana mchana ilikuwa haijarudi. Amejitia hamnazo, amekuwa akifunga maboksi na kuwatania wahudumu, lakini kila bahasha ikifika mapokezi anakuwa wa kwanza kusimama.

Rasimu ya wasifu huu nilimpelekea mama Jumatatu, maana haikuwa haki kumwandika bila kumwuliza. Imerudi jana. Ilikuwa na kurasa saba, mnayosoma ni iliyosalia. Ameondoa aya nzima iliyomwita shujaa asiyejulikana, akiandika pembeni kwamba yeye anajulikana vizuri sana sokoni. Meza kuu ameikataa. Atakaa safu ya tatu karibu na mlango, mahali alipokaa siku ya hotuba ile, na ameomba vipaza sauti vifanyiwe majaribio mapema. Nilikuwa nimemalizia, kama wasifu wote unavyomaliziwa, kwa kumtakia mstaafu maisha mema. Pembeni: "Mema gani?"

Haya basi. Tunamshukuru mwenzetu kwa miaka thelathini na minne, miezi mitano na siku kumi na moja, au kumi na mbili. Tunamshukuru kwa majina yetu, kwa sababu wengi wetu tulitajwa kwa heshima kwenye karatasi kwa mara ya kwanza na yeye. Tunamtakia asubuhi za kuamka akitaka, mgongo usiomsumbua, wajukuu wabishi wa kumrudishia swali lake, na gari la mtu mwingine akihitaji kurudi kinyumenyume. Tunamtakia Jumamosi nyingi kwenye sebule ile nyuma ya soko, maana nimeambiwa kiti chake kipo.

Na barua yake imerudi. Ilikuwa ndani ya bahasha yangu, mama akiniagiza nisimpe mkononi, jibu lake nilipige chapa hapa, alisome pamoja nanyi. Haina alama pembeni, juu hadi chini. Mwishoni tu, chini ya saini yake, kwa wino wa kijani na ile y yenye mkia wa ndoano, pameandikwa: "Yamefika. Sina swali."